Sanduku la Maoni Lililoota Kutu

Muhula wa pili ndio unaoogopwa zaidi na wakuu wa shule za bweni humu nchini. Baridi huwa imezidi, mitihani ya majaribio i karibu, na mara wazazi husikia kwenye redio kwamba shule fulani imefungwa na wanafunzi wamerudishwa makwao. Jijini Nairobi utawaona katika vituo vya matatu wakiburura masanduku na magodoro. Ndipo watu wazima huanza wimbo wao wa kila mwaka: vijana wa siku hizi hawana adabu, kiboko kirudishwe!

Wenye kauli hiyo wanasahau upesi. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na mikasa mibaya kabisa ilikuwa imekwisha kutokea huku fimbo zikichapa kila siku. Mnamo Julai 1991 wasichana 19 walifariki katika shule ya St Kizito, Meru, wavulana wa shule yao walipovamia bweni usiku. Mwaka wa 1999 viranja wanne wa Nyeri High School walifungiwa vyumbani mwao usiku, wakamwagiwa petroli na kuchomwa moto na wenzao. Na Machi 2001 wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, wilayani Machakos. Ni kweli pia kwamba moto haukukoma fimbo ilipoondolewa. Wazazi wa Moi Girls, Nairobi, walizika mabinti wao mwaka wa 2017. Basi jambo lenyewe haliko katika fimbo. Liko kwa mwalimu mkuu na namna anavyoishi na watoto siku ambazo hakuna fujo.

Tutazame kisa cha Nyeri. Katika shule zetu nyingi kiranja alikuwa bwana mdogo. Alilala katika chumba chake, alipata sahani iliyojaa kuliko za wengine, na aliweza kumwadhibu mwenzake waliyelingana umri bila kuulizwa. Mwalimu wa zamu alifurahi, kwa maana kazi yake ilipungua. Lakini mwalimu mkuu anayemwachia kijana wa miaka 17 kazi ya uaskari na uhakimu anampandia chuki ambayo yule kijana mwenyewe hakuiomba. Vijana wale wanne walikuwa watoto wa watu, nao waliwekwa mahali pa hatari na mpango wa watu wazima.

Baada ya wimbi la migomo la mwaka wa 2008, Serikali ilianza kuhimiza viranja wachaguliwe na wanafunzi wenyewe, na mwaka wa 2009 likaundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za sekondari. Hatua nzuri hiyo. Hata hivyo, shule nyingine hupiga kura Jumatatu na ifikapo Ijumaa mwalimu mkuu amefuta majina asiyoyapenda. Watoto si wajinga. Uchaguzi wa namna hiyo huwafunza udanganyifu tu.

Mfano unaofaa tunao papa hapa Nairobi. Starehe Boys Centre ilianza mwaka wa 1959 katika vibanda viwili vya mabati, ikiwa kimbilio la watoto wa mitaani. Marehemu Geoffrey Griffin aliiongoza tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka wa 2005. Miongoni mwa desturi alizoziweka ni baraza la kila wiki, ambapo wavulana walikutana na mkurugenzi wao ana kwa ana na kuuliza au kulalamikia jambo lolote la maisha yao shuleni. Uji ukiwa mwepesi, husemwa. Mwalimu akikosa darasani, husemwa vilevile.

Baadhi ya walimu watatetemeka wakisoma hayo. Je, heshima itakuwa wapi? Lakini fikiria mwanafunzi anayejua kwamba Jumatano ijayo atapewa nafasi ya kusimama na kusema. Ana haja gani ya kunong'ona gizani nyuma ya bweni? Tena baraza la kila wiki lina faida nyingine: malalamiko huja yangali madogo. Maharagwe yenye wadudu ni jambo la kumaliza kwa siku moja na mtunza stoo. Yakikaa muhula mzima huwa si maharagwe tena. Huwa ni dharau.

Lakini kusikiliza bila kujibu ni kubaya kuliko kutosikiliza. Katika shule kadhaa utakuta sanduku la maoni limetundikwa nje ya ofisi. Kufuli limeota kutu, na ufunguo hakuna ajuaye uliko. Kwingine sanduku hufunguliwa, ila kazi inayofuata ni kulinganisha miandiko na madaftari ili mwandishi akamatwe! Hapo ndipo wanafunzi hujifunza kwamba maneno hayafai kitu.

Mwalimu mkuu mwenye busara hujibu hadharani, hata jibu likiwa "hapana". Husema: televisheni hatuwezi kuinunua muhula huu kwa sababu karo iliyolipwa ni kiasi hiki, na deni la unga ni kiasi hiki. Vijana wanaweza kulikubali jibu gumu. Wasichokubali ni kudharauliwa.

Isitoshe, mwalimu mkuu ajiangalie yeye mwenyewe. Akiwafokea walimu wake mbele ya gwaride, walimu nao watawafokea viranja, na viranja watamalizia hasira kwa "mono", yule mgeni ambaye hana wa kumfokea. Mateso ya wageni shuleni mara nyingi huanzia ofisini. Naye ale angalau mara moja kwa wiki katika bwalo, chakula kilekile cha sufuria moja. Sijaona mkuzi wa nidhamu kama mkubwa anayejua ladha ya githeri ya shule yake.

Nanyi wanafunzi, baraza halitakuwa na maana likigeuzwa uwanja wa matusi. Leteni jambo lililo wazi, lenye siku na mahali, na mmoja wenu aliseme kwa adabu.

Wazazi nao wasihesabu alama za mtihani pekee wanapochagua shule. Siku ya kuwazuru watoto, kabla ya kufungua kikapu cha kuku na chapati, mwulize mwanao: mara ya mwisho mlipolalamika, mlijibiwa nini? Akikueleza jibu, hata kama lilikuwa la kukatalia, kaeni mle kwa raha. Akikutazama kwa mshangao, au akageuka kwanza kuona nani yuko karibu, kuku angoje. Nenda ofisini.