BATA LILELILE KILA LIKIZO: UMEPUMZIKA AU UMEHAMISHA UCHOVU?

Leo sina ubuyu wa nani kamwacha nani. Leo naongea na wewe ambaye kila likizo ikifika unaenda palepale, unapiga picha ileile, halafu Jumatatu unarudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka.

Tuanze na mastaa wetu, majina kapuni. Pitia kurasa zao kipindi cha Idd au Krismasi. Mmoja yuko Nungwi, mwingine Kendwa, wa tatu kasimama mbele ya ule mgahawa wa juu ya jiwe kule Michamvi Pingwe. Mwaka unaofuata ni walewale, palepale, kilichobadilika ni gauni tu. Na ukiangalia vizuri usoni unaona kabisa mtu yuko kazini. Wala si uongo, wengine picha zile ndizo zinawaingizia mkwanja. Sasa mimi na wewe nani anatulipa? Sisi ndio tunaolipa boti, chumba, chakula, halafu tunaiga uchovu wa mtu ambaye yeye kalipwa kuchoka.

Na sio Zanzibar peke yake. Watu wangu wa Kagera mlioko Dar, nawaona. Kila sikukuu watoto wanabebwa Kunduchi Wet 'n' Wild. Sina ugomvi na ile sehemu, ni nzuri. Mtoto akiteleza mara ya kwanza na kutumbukia kwenye maji anapiga kelele mpaka wewe mzazi unasahau bei ya kiingilio. Mara ya pili bado mzuka upo. Mara ya sita anakuuliza chipsi zinakuja saa ngapi, na wewe umekaa kwenye kiti unachezea simu. Mtoto hana kosa. Binadamu anazoea raha haraka sana. Pilau la sikukuu lingepikwa kila siku, nani angelisubiri?

Msidhani ni ushamba wetu. Marekani wana Disneyland iliyofunguliwa California mwaka 1955, wakaongeza na Disney World kule Florida mwaka 1971, na kuna familia zinaenda kila mwaka kama kanisani. Kama mahali pakubwa vile mtu anaweza kupachoka, wewe unayeenda kwenye bwawa lilelile na foleni ileile ya Jumamosi unategemea nini?

Ila kinachoniuma zaidi sio kuchoka. Ni gharama ya kuchoka. Kuna watu wanachukua mkopo wa kausha damu ili wasipitwe na bata la Desemba. Siku tatu za picha, halafu miezi mitano ya kukimbia simu ya anayekudai. Januari ada ya shule inabisha hodi, na nyumbani maneno yanaanza: "Nani alisema twende?" Mapumziko gani hayo yanayoacha wenye nyumba wamenuniana?

Halafu huku Buganguzi kuna mabibi wanaowaona wajukuu zao kwenye simu ya jirani. Anashika simu, anaisogeza karibu na macho, anauliza, "Huyu si wa kwetu? Mbona maji haya sio ya ziwa letu?" Anacheka, anarudisha simu. Mwaka wa tatu huo. Ndizi zimeiva shambani, senene wamekuja wakaisha, mjukuu hajatokea.

Najua mtaniambia nini. "Wewe acha, kijijini sio kupumzika. Ukifika kila mtu ana shida, huyu ada, yule dawa, na mashemeji wanataka soda." Ni kweli, sibishi. Kutoka Dar mpaka Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300, na hakuna anayetaka kukaa kwenye basi umbali wote huo ili akageuzwe benki. Ndio maana sisemi kila likizo rudi kijijini. Hata kijiji ukikienda kila mara kwa presha kinachosha. Ninachosema ni kubadilisha. Nina ushauri hapa:

1. Ruka mwaka. Kama mwaka huu mmeenda Kunduchi au Nungwi, mwakani msiende. Mkirudi baada ya hapo mtoto atakuwa amekua, ataogopa vingine na kufurahia vingine.

2. Kama lazima urudi palepale, basi ufanye kingine. Unguja sio ufukwe tu. Nenda Jozani ukawaone kima punju. Vuka Changuu ukawaone kobe wakubwa. Jioni shuka Forodhani ule, simu ikiwa mfukoni.

3. Usiende siku ambayo mji mzima unaenda. Sikukuu yenyewe kaeni nyumbani mle vizuri, muende katikati ya wiki inayofuata. Nusu ya uchovu ni foleni na makelele.

4. Acha siku moja tupu. Hakuna ratiba, hakuna "twende tukapige picha pale". Lala. Mtoto naye achezee hata ndoo.

5. Kuja nyumbani kuwe na mpango. Sema mapema unakuja siku ngapi na umebeba kiasi gani, kikiisha kimeisha. Ukishamaliza salamu, toka uzunguke.

Na hapo kwenye kuzunguka, watu wa Kagera tunajidharau sana, pamoja na unshomile wetu wote. Tuna Hifadhi ya Burigi-Chato, imepandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Ukifika Kasenda kule Chato unapanda boti kwenda kisiwa cha Rubondo, ambako sokwe walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960 waliachiwa msituni, na uzao wao upo mpaka leo. Pale Bukoba mjini unakiona kisiwa cha Musira kwa macho. Katuruka kuna mabaki ya tanuri za chuma za mababu zetu za zaidi ya miaka 2,000. Mtoto wako anajua jina la kila bembea ya Dar, ila hajui kwamba kwao watu waliyeyusha chuma zamani hizo. Hapo ndipo napata hasira kidogo.

Msimamo wangu ni huu: likizo sio mtihani wa kuonyesha nani kafika wapi. Kama ukirudi unahitaji mapumziko ya kupumzika kutoka kwenye mapumziko, ujue hukupumzika, ulihamisha uchovu ukaulipia na nauli. Mastaa waache wafanye kazi yao. Wewe mwaka huu jaribu sehemu moja ambayo hujawahi kuiposti, na kama una bibi huku kwetu, mpigie kwanza umuulize senene wanaanza lini.

Haya, dondosha komenti hapo chini: likizo iliyopita ulienda wapi, na ulirudi umepumzika kweli au ulirudi na picha tu? Matusi hapana, ukweli ruksa.