Mchanga wa baharini si ardhi, jamani!

Nimerudi. Wiki mbili hizi nimekuwa kimya kwa sababu ya kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita 40, na leo naomba mnivumilie nitoe langu la moyoni.

Mama yangu mdogo anafundisha historia sekondari. Aliniomba nimtengenezee modeli ya mzinga wa Königsberg aweke darasani. Kwa wasioijua habari hii: Königsberg ni ile manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Ilipopigwa vibaya, mabaharia wake wakaizamisha wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikavutwa nchi kavu kwa nguvu za watu, ikaendelea kupigana mbali kabisa na bahari. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa. Ukipita pale usiuache bila kuuangalia.

Modeli yangu ni ya kipimo cha 1:35, yaani mtutu wa sentimita 10.5 unakuwa na tundu la milimita 3 tu. Mzinga wenyewe ulikwisha mapema. Kazi ilikuwa ardhi ya kuusimamisha.

"Mwanangu, unajitesa bure," akasema mama mdogo. "Paka gundi, nyunyiza mchanga wa Coco Beach, nipe niende."

Shikamoo mama, lakini hapana! Hebu tupige hesabu. Punje ya mchanga ya milimita 1, kwa kipimo hiki, ni jiwe la sentimita 3.5. Hiyo si barabara ya Rufiji, ni kokoto za kumwagia zege. Halafu mchanga wa ufukweni una chumvi. Chumvi inavuta unyevu, na kwa hewa hii ya Dar baada ya muda unaona ukungu mweupe umejitokeza juu ya ardhi yako.

Wapo wengine wanaosema tumia udongo halisi wa mahali penyewe, maana huo ndio ukweli. Maneno matamu, nami niliyaamini. Ubao wangu wa kwanza niliujaza udongo wa bustanini kama ulivyo, mbichi, na vijimizizi vyake. Ukaota kuvu, kisha ukapasuka kama matope ya kiangazi. Mbao nyembamba chini nayo ikajikunja kwa sababu sikuipaka vanishi kabla ya kuweka kitu kibichi. Udongo halisi unafaa, ila ukaange kwanza kwenye kikaango cha zamani, uutwange, uuchekeche kwa chujio la chai. Na rangi yake ukiishaloa gundi inakoza, kwa hiyo lazima uipaushe kidogo, la sivyo kitu kidogo kinaonekana cheusi tii.

Hayo yote ni ya ufundi tu. Ugomvi wangu hasa uko kwingine. Nilipouweka mzinga juu ya ardhi ile laini, safi, iliyonyunyiziwa vizuri, nikaona kitu cha ajabu: mzinga umefika wenyewe! Hakuna aliyeuvuta. Na ndivyo vita ile inavyosimuliwa mara nyingi, manowari na makapteni, basi. Wapagazi waliotia mabega kwenye kamba hawana hata alama. Mimi gundi yangu nanunua Kariakoo, mahali palipopata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita hiyohiyo. Nilirudi na gundi mkononi nikiona aibu kidogo.

Kwa hiyo nasema hivi: usichague malighafi kwa kuuliza kama ni halisi, wala kama ni rahisi. Uliza kama inakubali kukanyagwa. Unyayo wa mtu mzima wa sentimita 25 unakuwa kama milimita 7. Mchanga mkavu hauwezi kuushika. Unga wa jipsamu, ule wa mafundi wa dari, unashika vizuri sana, lakini unaganda upesi mno. Nilikuwa na nyayo sita tu ukawa jiwe. Udongo wa mfinyanzi unakubali kila kitu, kisha ukikauka unasinyaa na kupasuka.

Kilichonishinda nguvu kwa uzuri ni rojo la magazeti. (Ndiyo, na makala zangu zimo humo. Hatimaye zimekuwa na kazi ya kudumu.) Loweka, ponda mpaka iwe kama ugali mwepesi, kamua, changanya na gundi nyeupe ya mbao, vumbi la msumeno lililochekechwa na ule udongo uliokaangwa, na matone ya Dettol kuzuia kuvu. Linakauka taratibu, unapata saa kadhaa za kufanya kazi. Nikakandamiza njia mbili za magurudumu, halafu kwa ncha ya kijiti nikaanza nyayo. Pekupeku, zimezama zaidi upande wa vidole, kama za watu wanaovuta. Pembeni nikachomeka nyuzi za katani kuwa nyasi kavu. Sentimita 3 inakuwa nyasi ya kupita kiuno.

Mama mdogo alikuja Jumapili. Akauinamia ubao muda mrefu, mzinga hakuugusa. Akauliza, "Hawa ni wangapi?"

Nikamwambia nimechoka kwenye 140, na kwamba walikuwa wengi zaidi.

"Basi usiweke sanamu za watu," akasema. "Niachie niwaulize wanafunzi."

Kilichobaki ni kupaka tope kwenye magurudumu, na kumnunulia chujio jipya la chai. Lake nimeliharibu.