Baridi Isitusahaulishe Mvua ya Mawe

Wako askari wanaoamini kwamba miezi ya Juni, Julai na Agosti, kwa ubaridi wake, haina radi wala mvua ya mawe ya kuhofiwa. Imani hiyo si ya kweli, nayo yaweza kuua.

Tuitazame Kericho, kwa jirani zetu wa Kenya. Nchi ile ya mashamba ya chai, iliyoinuka mita zipatazo 2,000 juu ya bahari, inajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na miezi ya baridi haiizuii. Asubuhi huwa na ukungu. Mchana jua hupasha ardhi, na upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milimani na kujenga wingu refu. Ndani yake matone huinuliwa hadi penye baridi kali, yakaganda na kuongezeka barafu tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito wake uushinde upepo. Penye nchi ya chini mengi huyeyuka njiani. Milimani safari ni fupi, nayo hutua yangali mawe. Askari wetu walioko miteremko ya Mlima Elgon wayazingatie haya.

Wingu liletalo mawe huleta na radi. Tarehe 28 Juni 2011, radi iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu katika Shule ya Msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Mwezi ulikuwa Juni.

Kwa hiyo tunawahimiza makamanda wasiache gwaride liendelee chini ya wingu la namna hiyo. Ikiwa kati ya umeme na ngurumo hazikupita sekunde 30, radi iko umbali wa kilomita 10 au chini yake. Vikosi viingie katika jengo imara au gari lililofunikwa kwa chuma. Visijikinge chini ya mti wala karibu na mlingoti wa simu ya upepo. Kofia ya chuma huzuia jiwe la barafu, haizuii radi. Kazi irejee dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Ndugu zetu polisi wana wajibu zaidi. Mazao yakiisha kupondwa, wananchi wenye uchungu huweza kumshutumu mzee au mjane kwamba ameituma mvua hiyo kwa uchawi. Alindwe mara moja, na wananchi waelezwe asili yake. Wingu halitumwi na mtu, na hakuna sheria inayoruhusu raia apigwe kwa ajili yake.