MEZANI KWETU: Povu la soya lilitudanganya



Juma hili ukurasa wetu unatoka mbali. Sisi wawili tunaouandika tulikuwa Taiwan, kile kisiwa kilicho mashariki ya China, kwa binti yetu aliyejifungua mtoto wa kwanza. Mmoja kati yetu ni mama yake mzazi, mwingine ni mama yake mdogo, na mnajua kwamba kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Tulienda kubeba mjukuu. Tumerudi na habari ya chakula, na tumerudi pia na deni. Tutaanza na chakula, deni litafuata.

Huko Taiwan, mama akisha kuzaa anakaa ndani mwezi mzima. Hatoki, hanyanyui kitu kizito, analishwa supu za moto. Tulipoona hivyo tulifurahi, kwa sababu bibi zetu walijua jambo hilo, ni sisi tunaoanza kulisahau. Basi binti yetu alikaa kitandani na mtoto wake, na sisi tukawa watu wa kutumwa. Kila asubuhi kabla ya jua kutoka alituandikia karatasi, tukashuka ngazi, tukaenda kununua chakula cha asubuhi. Mtaa wao unaitwa Yonghe, uko ng'ambo ya mto ukitoka mji mkuu, Taipei. Na Yonghe, wamama, ndiyo sehemu inayojulikana kuliko zote kwa maziwa ya soya. Hata maduka ya miji mingine yanajiandika jina hilo ili watu waamini kwamba maziwa yao ni mazuri.

Msifikiri ni hoteli ya watu wakubwa. Ni chumba kimoja kilichofunguka barabarani. Mbele kuna jiko, mvuke unatoka mpaka njiani, nyuma kuna meza ndogo na viti visivyo na mgongo. Mwenye duka ni mama wa umri wetu, anapika pamoja na mume wake na dada mmoja wa kuwasaidia. Karibu na mlango kuna karatasi zilizoandikwa vyakula vyote, unachukua kalamu ya risasi na kuweka alama kwa unachotaka. Siku ya kwanza tulinyosha vidole tu kama watoto. Yule mama alicheka, akatukalisha, akaleta alichoona kinatufaa.

Alianza na bakuli la maziwa ya soya ya moto yenye sukari. Pamoja nayo akaleta mkate wa mafuta wanaouita youtiao. Ni kamba mbili za unga zilizobanwa pamoja kama mapacha, zikatupwa katika mafuta mpaka zikavimba. Ni ndugu wa mandazi yetu, lakini haina sukari, na ndani ni tupu kama nyumba isiyokaliwa. Unaukata, unauchovya katika maziwa, unaula kabla haujalegea. Kuna pia shaobing, mkate wa ngano wenye ufuta juu, ambao unabandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuru mpaka uive. Wanaupasua na kuingiza youtiao katikati, mkate ndani ya mkate. Kuna danbing, chapati laini iliyokunjwa na yai. Kuna fantuan, wali unaonata uliofungwa kama mpira mrefu, na ndani yake kuna youtiao tena na nyama kavu iliyosagwa kama pamba. Mtu wa kazi ngumu akila mmoja wa hizo anafika saa sita bila kulalamika.

Kilichotushangaza ni maziwa ya soya ya chumvi. Katika bakuli wanaweka siki kidogo, mchuzi mweusi wa soya, majani ya kitunguu, mboga iliyotiwa chumvi, na uduvi mkavu, mdogo kuliko sambaza wetu. Kisha wanamimina maziwa ya moto kwa nguvu. Siki inayakamata, yanagandagana mbele ya macho yako, yanakuwa kama mayai laini. Mmoja wetu alisema, “Haya yameharibika.” Mwenzake alikuwa amekwisha kumaliza nusu ya bakuli. Bei? Bakuli la maziwa lilikuwa kama dola moja ya Amerika, au chini yake. Tulikula pamoja na wafanyakazi wa mitambo, wanafunzi, na wazee waliotoka kufanya mazoezi.

Mkwe wetu alitueleza maduka haya yalikotoka. Mwaka wa 1949 serikali ya Chiang Kai-shek ilishindwa vita huko China, ikakimbilia Taiwan. Zaidi ya watu milioni moja walivuka bahari pamoja nayo au karibu na wakati huo, wengi wao askari na jamaa zao. Waliotoka kaskazini walizoea ngano na maziwa ya soya. Hawakuwa na shamba, wengi hawakuwa na kazi, wakaanza kuuza asubuhi walichojua kupika. Miaka ya 1950 unga wa ngano wa msaada wa Amerika uliingia kwa wingi, mikate ikapata nguvu. Halafu mwaka wa 1969 watoto wa Taiwan walishinda mashindano makubwa ya besiboli huko Amerika. Kwa miaka iliyofuata watu walikesha mbele ya televisheni kuangalia michezo hiyo, maana huko Amerika ni mchana wakati kwao ni usiku. Wakisha kuangalia walitaka kula. Maduka ya soya yakakesha pamoja nao, na mengine hayafungi usiku hata leo.

Tuliposikia hayo tulinyamaza. Sisi wa Kivu tunajua watu waliofika na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Lakini hatukuwa tumewaza kwamba sufuria ya wakimbizi inaweza kulisha nchi nzima.

Sasa deni.

Siku ya nne tulifika mapema sana, duka halijaanza kuuza, na mkwe wetu alikuwa pamoja nasi. Mume wa yule mama alikuwa anasimamia sufuria kubwa kuliko zote tunazokodi kwa arusi. Maziwa mabichi ya soya yalikuwa motoni. Tukaona povu linapanda, jeupe, linafika ukingoni, linataka kumwagika. Sisi wawili tukapiga kelele pamoja, “Imechemka! Toa!”

Hakutoa. Alipunguza moto, akakoroga, akaondoa povu kwa kijiko kikubwa, na akaacha maziwa pale pale. Mkwe wetu akamwuliza. Mzee akajibu bila kugeuka kwamba huo ni mchemko wa uongo. Soya inatoa povu na kupanda kabla haijachemka kweli, moto ukiwa umefika karibu digri 80 tu. Anayeitoa hapo anakunywa soya mbichi. Na soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kufanya kazi yake. Mtu anashikwa na kichefuchefu, anatapika, anaharisha, tumbo linamkata. Kwa watoto ni vibaya zaidi. Moto wa kutosha unavunja vitu hivyo. Povu halivivunji.

Tuliangaliana. Hatukumaliza mkate siku ile.

Wengi wenu mnakumbuka ile Jumamosi ya maziwa ya soya kwa watoto wa chama. Tulikuwa tumenunua soya kwa pesa za mfuko wetu, ili watoto waliokuwa wanaanza kuvimba miguu kwa bwaki wapate kitu cha kuwajenga. Mwenzetu mmoja alikubali kupika kwa sufuria yake mwenyewe. Watoto walikuwa wanalia kwa njaa, makala yalikuwa yanakwisha. Maziwa yalipopanda, yeye alitaka kuyaacha motoni. Ni sisi tuliomwambia, “Dada, yamechemka, toa, watoto wanangoja.” Alitoa kwa ajili yetu. Kabla ya saa moja kupita, watoto wengi walikuwa wanatapika. Mungu alisaidia, mpaka jioni walikuwa wametulia.

Lakini midomo haikutulia. Neno sumu lilitajwa. Mtu akasema karuho. Mwingine akakumbuka ugomvi wa zamani wa kiwanja. Sisi tuliokuwa karibu na moto, tuliojua nani alisema “toa”, hatukufungua kinywa. Mwenzetu alikuja mara mbili zaidi kwenye mkutano, hakuna aliyeketi karibu naye, mara ya tatu hakuja. Sufuria yake mpaka leo iko katika ghala letu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uso wa kuirudisha. Na soya tuliacha. Watoto wakarudia bui ya muhogo peke yake.

Wamama, haikuwa sumu. Mambo yote ya siku ile, jinsi ilivyoanza haraka na jinsi ilivyokwisha, yanafanana na aliyotueleza yule mzee. Soya haikuiva, na ni sisi tulioharakisha. Tunayaandika hapa kwa sababu maneno yale yalisemwa mbele ya watu wengi, nasi hatuwezi kuomba radhi kwa siri. Dada yetu, tulikukosea. Tutakuja nyumbani kwako kulisema tena kwa kinywa, lakini tumetaka wote wasome kwanza.

Na ili jambo hili lisirudi, hii ndiyo njia ya kupika, kama tulivyoijaribu jikoni kwetu tangu turudi.

Chagua soya, toa mawe na zilizooza. Loweka usiku mzima katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji yale, sugua kwa mikono maganda yatoke, osha vizuri. Saga kwa mashine au twanga mpaka ilainike kabisa. Kwa kikombe kimoja cha soya kavu tumia vikombe vinane hivi vya maji safi. Chuja kwa kitambaa safi, kamua kwa nguvu.

Weka maziwa katika sufuria kubwa, yasipite nusu yake, kwa sababu yatapanda. Koroga mpaka chini, yanaungua upesi. Povu likipanda, usishangilie. Punguza moto, ondoa povu, endelea kukoroga. Ngoja mpaka yachemke kweli, yale mapovu makubwa yanayotoka chini na kupasuka, na harufu ya majani mabichi imekwisha. Kuanzia hapo hesabu dakika kumi nzima, moto mdogo. Asiye na saa asiyakisie, aazime simu ya jirani. Kama makala hayatoshi kufika dakika hizo, usianze kupika siku hiyo.

Makapi yanayobaki kwenye kitambaa msiyatupe. Nayo ni mabichi, lazima yaive. Sisi tuliyachanganya na unga wa ngano tukakaanga mandazi, watoto hawakujua tofauti.

Tukumbushane pia mambo machache. Mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya maziwa ya mama peke yake. Mpaka atimize mwaka, maziwa ya soya ya nyumbani hayachukui nafasi ya maziwa ya mama. Akisha kuanza kula, soya inamfaa, kwa maana zaidi ya theluthi ya uzito wa mbegu yake ni protini, ndiyo sababu iko ndani ya masoso tunayowapikia. Lakini haina ya kutosha ya kukaza mifupa, basi sambaza wasagwe pamoja na mifupa yao waongezwe kwenye chakula. Na mtoto anayevimba miguu apelekwe kituo cha afya kwanza, sufuria yetu haiwezi kuwa dawa ya kila kitu. Mtoto anayetoka vipele au anayehema kwa shida baada ya kunywa soya asipewe tena, naye apelekwe upesi.

Siku tuliyoaga, yule mama wa duka alitufungia youtiao nne kwa karatasi. Tulimpa kitambaa cha kikwembe. Alikifunga kiunoni papo hapo, juu ya aproni yake, akarudi kwa sufuria. Povu lilikuwa linapanda, naye hakuwa na haraka.

Jumamosi ijayo, saa mbili ya asubuhi, tutapika soya tena uwanjani pa chama. Soya kilo tano ziko tayari, makala mifuko miwili. Kila mama aje na kikombe cha mtoto wake. Sisi wawili tutakunywa kwanza, mbele yenu wote. Na kama dada yetu atakubali kuja, sufuria yake imekwisha kusuguliwa, na ni yeye peke yake atakayesema, “Sasa toeni.”

Mkae salama mpaka juma lijalo.