SIRI YA MGONJWA SI MALI YA BIMA



Wahenga walituusia: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunaukubali usia huo. Lakini tunauliza: ni nani atakayeyafichua maradhi ya akili yake, iwapo anahofu kwamba maneno aliyomwambia tabibu faraghani yatasomwa na mkaguzi asiyemfahamu, ili iamuliwe kama matibabu yalipiwe au yasilipiwe?

Sisi wa Kwamndolwa hatuzungumzi mambo ya mbali. Humu humu Korogwe, katika milima ya Usambara, ipo Hospitali ya Lutindi, ambamo ndugu zetu Walutheri wamewatunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka mia moja. Hata hivyo, wagonjwa wengi hawalazwi. Hufika kliniki, huzungumza, huchukua dawa na kurejea shambani au darasani. Mgonjwa wa namna hiyo hana ukuta wa wodi wa kumsitiri; kinga yake ni ukimya wa aliyemhudumia.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na mwaka 2023 ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunaipokea kwa shukrani. Lakini dai la malipo hubeba jina la mgonjwa, namba ya kadi na ugonjwa wake. Kadiri bima inavyowafikia wengi, ndivyo siri za wengi zitakavyopita mikononi mwa wengi.

Tunajibiwa kwamba pasipo ukaguzi fedha za wachangiaji zitaibiwa. Ni kweli, udanganyifu ni dhambi, nao huwanyima maskini dawa. Lakini ili kumnasa mwizi yatosha kujua kwamba mgonjwa alifika, siku gani, alihudumiwa na nani, kwa ugonjwa gani na kwa dawa ipi. Haihitajiki kujua mama alilia kwa sababu gani, wala kijana alisema nini juu ya baba yake. Tena Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, hulihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu akimweleza mshauri wake jambo hilo, na karatasi ikatembea, tiba imegeuzwa ushahidi.

Wala hatuombi fadhila. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na inataka zikusanywe zile tu zinazohitajika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliitaja faragha na jina jema miongoni mwa haki za binadamu. Huko Marekani, kanuni zilizoanza kufuatwa mwaka 2003 huyapa ulinzi wa pekee maandishi ya mazungumzo ya tiba yanayotunzwa mbali na jalada, na bima haiwezi kuyafanya sharti la malipo. Linalowezekana kwao halishindikani kwetu.

Kwa hiyo tunadai:

1. Maandishi ya mazungumzo ya tiba yatengwe na jalada la madai, wala yasiwe sharti la malipo.
2. Mkaguzi wa madai ya afya ya akili awe mtu wa taaluma hiyo, aliyefungwa na kiapo cha siri.
3. Mgonjwa aelezwe, kwa Kiswahili anachokielewa, kabla hajatia sahihi, ni habari gani zitakazotoka na zitakwenda kwa nani.

Nasi katika Jumuiya Ndogo Ndogo tuanze nyumbani. Jina la mgonjwa lisitajwe katika maombi bila ridhaa yake, wala safari yake ya kliniki isiwe hadithi ya kisimani. Tutawezaje kuidai serikali kufunga jalada, ikiwa sisi hatujafunga vinywa?