Adabu ya Mnyonya Damu
Juma hili nilitazama tena Love at First Bite, filamu ya mwaka 1979, na macho yangu yakakaa pale George Hamilton, akiwa ndiye Dracula na joho lake jeusi, anapocheza na Susan Saint James katika disko la New York, kwa taadhima kana kwamba sakafu ile ilitandikwa kwa ajili ya masultani. Serikali ya Kikomunisti ya Romania imemtoa katika ngome yake ya tangu dahari ili wafundishwe humo wachezaji wa jimnastiki, naye akahajiri hadi mji usiomjua wala kumwogopa; na hasimu wake, tabibu Rosenberg, mjukuu wa Van Helsing, anamkabili kwa Nyota ya Daudi mahali pa msalaba, kisha kwa risasi za fedha, ambazo kwa asili ni silaha ya kuulia watu wageukao mbwamwitu. Sisi tuliolelewa pwani kwa hofu ya mumiani hatukuzoea kumhurumia mnyonya damu, walakini huyu nilimhurumia: mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli mwanamke yule aliyechoshwa na dunia anapona kwa kuja kwake. Mzaha wa jeneza lililopotea njia likafikia msibani Harlem umechacha, wala siutetei. Lakini Stan Dragoti, aliyeiongoza, alimpenda Dracula wake, akamwachia aokoke pamoja na mchumba wake. Filamu za zama hizi za namna hiyo, pamoja na ufundi wake wote, humwaga damu bila kiasi na kumnyima jini wao heshima, nami naziona ni za kikatili.