Miwani ni Zana ya Kazi

Mkulima wa Hanga, mkoani Ruvuma, achaguaye mbegu, na mvuvi wa Pemba ashonaye nyavu, wametenganishwa na bahari. Lakini wapitapo umri wa miaka 40, adha yao huwa moja: vitu vya karibu havionekani sawasawa. Wengi husingizia uzee, wakaacha kazi waiwezayo, ilhali miwani ya kusomea ingewatosha.

Yafaa wananchi waelewe kuwa maradhi ya macho hayafanani. Mtoto wa jicho haondoki kwa miwani wala kwa dawa za kienyeji. Huondolewa kwa upasuaji, ikawekwa lenzi bandia. Presha ya macho hupokonya nuru kimyakimya, na nuru iliyopotea hairudi. Silaha yake ni kupimwa mapema.

Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kupanua huduma za miwani na upasuaji wa mtoto wa jicho ifikapo 2030. Tunawasihi viongozi, Bara na Visiwani, waihesabu miwani kuwa zana ya kazi kama jembe na wavu, ipatikane katika zahanati za vijijini, si mijini tu. Nanyi wananchi, nendeni mkapimwe.